Jinsi ya kuandika historia ya redio ya mji mdogo kabla waliokuwepo hawajaisha

Kama mji wenu una stesheni ya redio, iwe bado inarusha au ilishazimwa siku nyingi na umebaki mnara tu, na umewahi kujisemea kwamba ingefaa mtu akae aandike habari zake, basi mtu mwenyewe ndo wewe. Usingoje ufadhili, usingoje kituo kitimize miaka 50 ndo watu washone sare na kukata keki, kwa sababu vitu viwili vinavyobeba historia ya redio kuliko vyote, yaani watu waliofanya kazi pale na kanda walizorekodi, vinaondoka haraka sana kuliko karatasi.

Na hapa ndo mpangilio unapoharibika kwa wengi. Mtu akiamua kuandika historia anakimbilia mafaili, anaenda ofisini anaomba barua za zamani, anapiga picha nyaraka miezi sita, akija kumtafuta fundi mitambo wa kwanza anaambiwa mzee tulishamzika. Faili lililokaa kabatini miaka 40 linaweza kukaa mwaka mmoja zaidi. Kwa hiyo fuata mpangilio huu: watu kwanza, kanda za pili, karatasi za tatu.

Redio ina shida ambayo gazeti halina. Gazeti la zamani utalikuta maktaba, limechakaa lakini lipo. Redio ikishasema imesema. Kanda zilikuwa ghali, hivyo vituo vingi vidogo vilikuwa vinarekodi kipindi, vinakirusha, alafu kanda ileile inafutwa kwa kurekodiwa juu yake wiki inayofuata, na taarifa za habari ndo zilikuwa za kwanza kufutwa kwa sababu nani atataka habari za juzi. Hata sheria zinazowataka watangazaji watunze rekodi mara nyingi ni za muda mfupi, kwa mfano Uingereza kituo kinatakiwa kutunza kilichorushwa kwa siku 42 tu ili malalamiko yakija yaweze kuchunguzwa. Kabla ya miaka ya 1950 ndo usiseme, vituo vingi vilikuwa havina kabisa rekoda za kanda, vilikuwa na santuri. Kwa hiyo usiende ukitegemea kukuta stoo imejaa sauti, nenda ukijua utaokota vipande.

Anza na fundi, siyo bosi

Orodhesha kila mtu unayeweza kumkumbuka au kutajiwa aliyewahi kufanya kazi pale. Meneja atakuwemo na mtangazaji maarufu atakuwemo, sawa, lakini mi nakushauri wa kwanza kumtembelea awe fundi mitambo. Meneja ameshaulizwa mara nyingi, ana hotuba yake tayari, atakuambia dira na dhamira. Fundi hajawahi kuulizwa na mtu. Fundi ndo anajua mtambo wa kwanza ulikuwa wa wati ngapi na ulitoka wapi, radi ilipiga lini, kituo kilikaa kimya siku ngapi na waliazima kifaa kwa nani mpaka kikarudi hewani. Mafundi pia hawatupi vitu. Mitambo ya zamani ilikuwa inashikilia masafa yake kwa kipande cha kristali ya kwatzi kilichofungwa kwenye kikasha kidogo cha chuma au plastiki, na juu ya kikasha masafa yenyewe yameandikwa kwa kilohezi. Kituo kikihama masafa kristali ya zamani haina kazi tena, na ukimuuliza fundi vizuri unaweza kukuta anayo kwenye droo. Hicho kikasha ni ushahidi ambao hakuna mtu wa kubishana nao, kipige picha pande zote.

Baada ya fundi nenda kwa aliyekuwa anapokea barua na simu, aliyekuwa anauza matangazo ya biashara, mlinzi wa usiku, dereva, aliyekuwa anapanga santuri. Aliyekuwa anauza matangazo anajua kitu ambacho watangazaji hawakijui, nani hasa alikuwa analipa kituo kiendelee kuwepo. Alafu ndo waje watangazaji. Na wasikilizaji, jamani, wasikilizaji msiwasahau, historia nyingi za redio zimeandikwa kana kwamba kituo kilikuwa kinaongea peke yake.

Namna ya kuuliza ina maana kubwa. Ukisema "tuambie historia ya kituo" utapewa hotuba. Uliza vitu vya macho na mikono. Siku yako ya kwanza uliingilia mlango gani, ukiingia kushoto kuna nini, kiti kilikuwa kinaangalia wapi, dirisha la kumwona fundi lilikuwa upande gani. Mpe karatasi na kalamu achore ramani ya studio, hata kama anasema hajui kuchora mpe tu, kwa sababu mkono ukianza kuchora mdomo unafuata, utasikia "hapa palikuwa na mashine mbili za kanda, hii ya kulia ilikuwa inakimbia, ukirekodia hii na ukaja kuchezea ile sauti inakuwa nzito" na hicho ndo kitu ulichokuwa unakitafuta. Muulize walikuwa wanakataje kanda. Wengi watakuonyesha kwa vidole: unavuta kanda kwa mkono taratibu mbele ya hedi, kile kichwa cha mashine kinachosoma sauti, mpaka usikie mwanzo wa neno, unaweka alama kwa penseli ya nta, unailaza kwenye mfereji wa chuma, unakata kwa wembe kwa mshazari, unaunga na utepe wa gundi kwa nyuma, unabonyeza kwa kucha. Kosea milimita chache umekata herufi ya kwanza ya jina la mheshimiwa. Hayo yaandike yalivyo, maana kijana anayehariri kwa kompyuta leo hana picha ya kazi ile kabisa.

Tarehe usimlazimishe. Watu hawakumbuki miaka, wanakumbuka matukio, kwa hiyo muulize ilikuwa kabla au baada ya mafuriko, mtoto wako wa kwanza alikuwa ameshazaliwa, mlikuwa bado kwenye jengo la zamani au mmeshahama. Ukipata matukio matatu utaupata mwaka mwenyewe baadaye kwenye karatasi. Na watu wawili wakikupa habari zinazogongana usichague mmoja palepale, andika zote mbili, nenda mbele. Baadaye ukiweza wakutanishe, kwanza kila mtu peke yake alafu pamoja, wakiwa pamoja wanakumbushana ila pia mwenye sauti kubwa anamfunika mwenzake, ndo maana peke yake lazima itangulie.

Kuhusu kurekodi, simu inatosha kabisa. Weka iwe kwenye hali ya ndege isije ikaita katikati, iweke juu ya kitambaa kilichokunjwa na siyo moja kwa moja juu ya meza maana kila kikombe kinachowekwa kitasikika kama mlango umepigwa, isogeze karibu na mdomo wa anayeongea kuliko wako, zima feni. Mwanzoni kabisa sema tarehe, mahali na majina, alafu muulize kwa sauti kama anakubali kurekodiwa na kama anakubali itumike hadharani, jibu lake libaki ndani ya rekodi ileile. Akisema sehemu fulani isitoke, isitoke. Hilo halina mjadala, mtu amekukaribisha kwake.

Kanda: usibonyeze plei

Ukipata boksi la kanda kitu cha kwanza mwili utakachotaka kufanya ni kutafuta mashine na kusikiliza. Usifanye. Kanda mbovu inaweza kuchezwa mara moja tu na hiyo mara moja usiitumie kujaribu.

Kwanza piga picha. Boksi kwa juu, kwa ubavu, kwa ndani, na kila kikaratasi kilichomo. Chukua boksi moja la kawaida la kanda ya robo inchi uone lina nini. Ubavuni pameandikwa jina la kipindi kwa peni, limekatwa, chini yake jina lingine, limekatwa, chini yake la tatu, maana yake kanda ilifutwa mara mbili na una orodha ya vipindi viwili ambavyo havipo tena ila sasa unajua vilikuwepo. Kuna namba 19, hiyo ni spidi, sentimita 19 kwa sekunde, spidi iliyotumika sana kwenye vituo, ukikuta 38 mara nyingi ni muziki au kitu walichotaka kiwe na ubora, ukikuta 9.5 walikuwa wanabana kanda au wanarekodi mkutano mrefu. Kuna neno "mono", yaani sauti ya njia moja, siyo stereo. Kuna mhuri wa tarehe. Kuna "usifute" imepigiwa mstari mara mbili na saini, na mwenye saini hiyo sasa una sababu ya kumtafuta. Boksi moja limekupa habari zote hizo na hujagusa kanda yenyewe.

Alafu nusa. Ndiyo, nusa. Kanda za zamani zilizotengenezwa kwa asetati, aina ya plastiki, zikianza kuoza zinatoa harufu ya siki, kali kabisa, na hizo zitenge mbali na nyingine kwa sababu mvuke wake unaharakisha kuharibu zilizo karibu. Kanda nyingine, hasa za miaka ya 1970 na 1980 za kampuni kadhaa kubwa, zina shida tofauti, ile gundi inayoshikilia unga wa sumaku imenyonya unyevu wa hewa ikawa inanata, ukiicheza inapiga kelele kama mluzi, inaacha uchafu wa kahawia kwenye hedi na sauti inang'oka pamoja nao. Wataalamu wanazioka, kwenye joto la kama nyuzi 54 kwa saa kadhaa, alafu wanazihamisha upesi kabla unyevu haujarudi. Usijaribu kwenye oveni ya jikoni, joto lake linaruka juu chini, na kanda za asetati hazitakiwi kuokwa kabisa. Kama zinanata tafuta mwenye vifaa au zitunze sehemu kavu yenye ubaridi wa kawaida, zimesimama wima na siyo kulazwa, mbali na spika kubwa, mpaka apatikane.

Kaseti ni rahisi zaidi, zipo tangu 1963 na mashine zake bado zinapatikana. Kabla hujaiweka popote vunja vile vimeno viwili vya plastiki vilivyo ukingo wa juu, ukivivunja mashine haiwezi kurekodi juu yake hata ukikosea kitufe. Kama ganda limepasuka usiilazimishe, hamishia kanda kwenye ganda zima la skrubu.

Na kuna santuri za kurekodia, zile nyeusi zinazong'aa zilizokatwa palepale studio kabla kanda hazijaenea, zingine kubwa za inchi 16 ambazo upande mmoja unabeba dakika 15 hivi. Utazijua kwa ukingo wake, ukitazama vizuri unaona chuma kinachungulia, kwa sababu ni bati la alumini lililopakwa rangi ya laka. Zikitoka unga mweupe au zikianza kupasuka kama matope yaliyokauka basi laka inaachia, na hizo usiziweke chini ya sindano ya kawaida hata mara moja. Kwa maoni yangu kati ya vyote ndo zinazotakiwa kuwahi kwa mtaalamu, hata kabla ya kanda zinazonata.

Zile zilizo salama ukianza kuzihamishia kwenye kompyuta hifadhi kama WAV, yaani faili la sauti lisilobanwa, biti 24, kilohezi 96. Faili moja la stereo la saa moja litakuwa kama GB 2, kwa hiyo saa 100 zinaingia hata kwenye diski ndogo tu ya siku hizi, hakuna haja ya kubana. MP3 tengeneza baadaye kwa ajili ya kutumiana WhatsApp, lakini lile kubwa lisiguswe, usisafishe mikwaruzo, usikate kimya cha mwanzo, hata mtangazaji akikohoa kabla ya kuanza acha. Nakala ziwe tatu, moja ikae nyumba nyingine kabisa. Jina la faili lianze na mwaka, mwezi na tarehe, usiandike "kanda ya zamani nzuri 2".

Usisahau kanda ambazo hazikuwahi kuwa za kituo. Wasikilizaji walikuwa wanarekodi nyumbani, waliweka kaseti ili wapate wimbo na bahati nzuri wakawa wanachelewa kubonyeza stop, hivyo mwisho wa wimbo unamsikia mtangazaji, saa, tangazo la sabuni, kibwagizo cha kituo. BBC yenyewe imerudishiwa vipindi vilivyokuwa vimepotea kutoka kwa watu waliorekodi majumbani mwao, sasa kama shirika kubwa vile lilihitaji wasikilizaji, kituo chenu kidogo kinawahitaji zaidi. Tangaza kwamba unatafuta kaseti "hata kama ni nyimbo tu". Hayo maneno "hata kama ni nyimbo tu" yaweke, la sivyo watu watasema zangu hazina maana na hawatazileta.

Karatasi, na ugomvi wa masafa

Sasa ndo mafaili. Leseni na barua za mamlaka ya utangazaji, gazeti la serikali, mihtasari ya vikao, daftari la zamu, orodha ya mishahara, ratiba ya vipindi iliyokuwa inachapwa magazetini, vitabu vya zamani vya namba za simu kwa ajili ya kujua kituo kilikuwa jengo gani mwaka gani. Daftari la zamu ndo dhahabu, lile ambalo fundi au mtangazaji alikuwa anaandika saa aliyowasha, saa umeme ulipokatika, nani alichelewa. Kwa Marekani kuna kadi za historia za vituo zilizotunzwa na FCC, mamlaka yao ya mawasiliano, zinaanza 1927 mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1980, zimeskaniwa na kila mtu anaweza kuzisoma, kila badiliko la nguvu ya mtambo na anwani limepigwa taipu na tarehe yake. Nchi nyingine hazijarahisisha hivyo lakini faili la leseni lazima liliwahi kuwepo mahali, omba kwa barua, taja jina la kituo na masafa.

Kuna chanzo kimoja ambacho watu wengi hawakijui kabisa. Duniani kuna wapenzi wa kusaka vituo vya mbali, wanakaa usiku na redio zao wanasikiliza stesheni ya nchi nyingine, wanaandika walichosikia na saa, wanatuma barua kituoni, na kituo kikihakikisha kwamba kweli ni chenyewe kinawajibu kwa kadi inayoitwa QSL. Kadi hizo zina masafa, nguvu ya mtambo, tarehe, saini ya fundi na mara nyingi picha ya jengo au mnara. Kituo chenu kikiwa kilikuwa masafa ya kati au mafupi kuna uwezekano mzuri kadi yake ipo kwenye albamu ya mzee mmoja Sweden au Japani. Watafute kwenye vikundi vyao, ni watu wakarimu sana na wanapenda kuulizwa. Wao pia ndo wenye nakala za zamani za World Radio TV Handbook, kitabu kilichoanza kutoka 1947 kikiorodhesha stesheni za dunia na masafa yake, ukipata za miaka kadhaa mfululizo unaweza kuona kituo chenu kinaingia, kinaongeza nguvu, kinahama, kinatoka.

Kuhama masafa kunaleta ugomvi mkubwa kwenye mahojiano. Mmoja anaapa kituo kilikuwa hapa, mwingine anaapa kilikuwa pale, na wote wako sahihi. Masafa yalikuwa yanahamishwa kwa makubaliano ya kimataifa. Tarehe 29 Machi 1941 mamia ya vituo vya Amerika Kaskazini vilihama siku moja. Mpango wa Geneva wa 1975 ulianza kutumika 23 Novemba 1978 ukapanga upya masafa ya kati Ulaya, Afrika na Asia, vituo vikawekwa kwa hatua za kilohezi 9. Ukimuuliza mzee na akakumbuka "siku moja tuliamka redio haipo mahali pake" angalia kwanza tarehe kama hizo kabla hujaandika kwamba kituo kilifungiwa.

Vilevile vituo kuzima jioni. Utasikia hadithi nyingi kwamba kituo kilikuwa maskini hakina mafuta ya jenereta kwa hiyo kilikuwa kinalala jua likizama. Inawezekana. Lakini masafa ya kati usiku yanasafiri mbali mno, tabaka la chini la ionosfea, ile sehemu ya juu ya anga yenye chembe za umeme, linaloyanyonya mchana linatoweka jua likizama na mawimbi yanarudishwa kutoka juu, kituo kidogo kinaanza kumwingilia mwenzake aliye mamia ya kilomita. Ndo maana Marekani vituo vingi vidogo vilipewa leseni ya mchana tu. Soma leseni kwanza ndo umhukumu meneja.

Picha ya mnara ina habari zake

Kila picha ya zamani yenye mnara iangalie kwa kioo cha kukuza, hasa chini. Kwenye masafa ya kati mnara wenyewe wote ndo antena, kwa hiyo mara nyingi unasimama juu ya kauri nene ili chuma kisiguse ardhi, na waya zake za kuushikilia zimekatwakatwa kwa vipande vya kauri. Kwenye FM mnara ni ngazi tu ya kubebea, antena ni vile vyuma vidogo vilivyofungwa juu, na chini hakuna kauri yoyote. Kwa hiyo picha isiyo na tarehe inaweza kukuambia ni ya enzi ipi ya kituo.

Urefu nao unasema. Minara mingi ya masafa ya kati ilijengwa kwa robo ya urefu wa wimbi, na wimbi unalipata kwa kugawa 300,000 kwa kilohezi. Kituo cha kilohezi 1000 wimbi lake ni mita 300, robo yake mita 75. Ukipata picha yenye kitu cha kulinganisha, mtu amesimama au gari, unaweza kukisia. Na kama kiwanja kimeshauzwa na mnara umeshang'olewa, uliza wanaolima pale kama wamewahi kukutana na waya za shaba ardhini zinazotawanyika kutoka sehemu moja kwenda pande zote, hiyo ilikuwa sehemu ya antena, hapo katikati ndo mnara uliposimama. Weka alama kwenye ramani ya simu.

"Ilianza lini" na lile neno la kwanza

Hili swali linaonekana jepesi kuliko yote. Kuna siku leseni ilipotolewa, siku mtambo ulipojaribiwa usiku wa manane kwa santuri moja inayorudiwarudiwa, siku vipindi vya kila siku vilipoanza, na siku mgeni rasmi alipokata utepe, ambayo inaweza kuwa miezi mingi baadaye. Zote ni sahihi, ziandike zote na useme ipi ni ipi. Kituo chenyewe mara nyingi kinasherehekea ile ya utepe kwa sababu ndo kuna picha.

Na neno "cha kwanza" liogope. Angalia ugomvi wa dunia nzima. KDKA ya Pittsburgh inatajwa sana kwa sababu ya matangazo ya 2 Novemba 1920, walisoma matokeo ya uchaguzi wa rais wa Marekani kati ya Harding na Cox. Lakini kituo cha gazeti moja la Detroit kilikuwa hewani tangu Agosti mwaka huohuo. Buenos Aires walirusha opera kutoka ukumbini 27 Agosti 1920. Montreal walirusha muziki Mei 1920. The Hague kulikuwa na mhandisi Idzerda aliyetangaza kwenye gazeti tamasha lake la redio la 6 Novemba 1919. Na San Jose, California, Charles Herrold alikuwa anafanya majaribio ya kurusha sauti tangu 1909. Nani wa kwanza? Inategemea kwanza ya nini, ya leseni, ya ratiba, ya muziki, ya kuendelea mpaka leo bila kukatika. Mji wenu nao utakuwa na ugomvi wake mdogo wa hivyo, usiutatue kwa kumfurahisha mwenye kituo. Andika "cha kwanza kupata leseni ya FM mkoani, kwa mujibu wa faili la leseni" na hakuna atakayekuangusha.

Kuandika sasa

Usiandike orodha ya mameneja. Orodha iweke mwisho kwa wanaoihitaji. Njia ninayoipenda mimi ni kuchukua siku moja ya matangazo, siku ambayo una ratiba yake na daftari la zamu na mtu mmoja au wawili wanaoikumbuka, ukaifuata kutoka mtambo unawashwa kupata moto mpaka wimbo wa kufungia, na kila kitu unachokutana nacho njiani unasimama kukieleza: hii ndo sababu walianza saa 11 alfajiri, huyu ndo aliyekuwa anasoma matangazo ya vifo na hivi ndivyo jamaa wa marehemu walivyokuwa wanaleta karatasi, kipindi hiki cha wakulima ndo kilileta barua nyingi. Mji mdogo wa Sutatenza huko Colombia ulikuwa na redio iliyoanzishwa na padre Salcedo mwaka 1947 kufundisha wakulima kusoma, na kinachofanya watafiti waendelee kuifuata mpaka leo ni kwamba barua za wasikilizaji zilitunzwa, ziko maktaba ya Luis Ángel Arango kule Bogotá. Mkulima anaandika kwa mwandiko wa mtu aliyejifunza juzi kwamba amejenga jiko au amechimba choo. Kama kituo chenu kina gunia la barua, hata nusu limeliwa na panya, hilo gunia lina thamani kuliko hotuba zote za uzinduzi.

Sehemu chafu pia ziandikwe. Kila kituo kina kipindi ambacho watu wanabadilisha mada ukikigusa, uchaguzi ambapo mgombea mmoja hakupewa nafasi, lugha iliyokatazwa hewani, mtangazaji aliyefukuzwa, miezi ambayo watu walitukanwa kwa kabila au dini. Usiruke. Kanda za RTLM ya Rwanda, redio iliyochochea mauaji ya 1994, zilikuwa sehemu ya ushahidi kwenye mahakama ya kimataifa kule Arusha, hukumu ikatoka Desemba 2003. Mji wenu hautakuwa na kitu kikubwa hivyo lakini kanuni ni ileile, sauti iliyorushwa hadharani ilisikika hadharani, na walioumizwa nayo bado wanaikumbuka hata kama wewe hutaiandika. Hapo hakikisha una zaidi ya mtu mmoja, na aliyetajwa kwa ubaya mpe nafasi ya kujibu kabla hujachapisha.

Ila kuna sauti za watu binafsi ambazo ni tofauti. Mama aliyelia hewani akitafuta mtoto aliyepotea hakukubali kuwekwa kwenye intaneti milele. Aliyepiga simu akataja ugonjwa wake vilevile. Sikiliza, andika kwamba kipindi kilikuwepo, sauti yenyewe iache kwenye hifadhi mpaka umpate yeye au watoto wake. Na muziki uliomo kwenye kanda una wenyewe, kipande kifupi chenye mtangazaji akiongea ni tofauti na kuweka wimbo mzima, ukitaka kuweka mzima omba ruhusa kwa wenye haki.

Rasimu ikiwa tayari wasomee wale uliowahoji, wasomee kwa sauti kabisa, ni watu wa redio, makosa wanayasikia kuliko wanavyoyaona. Watakurekebisha majina, na wakati unasoma watakumbuka mengine, kwa hiyo rekoda iwe imewashwa siku hiyo pia. Alafu rekodi zote ghafi, picha za maboksi, ramani za studio walizochora na maandishi ya mahojiano peleka nakala maktaba ya mji au hifadhi ya nyaraka iliyo karibu, pamoja na karatasi moja inayoeleza nani alikubali nini kitumike, na nakala nyingine mpe kila mzee ile aliyoongea yeye, kwenye flashi au kwenye simu ya mjukuu, vyovyote atakavyoweza kuisikiliza.